Kiti cha Mbele katika Gari la Bibi Harusi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana waliokuwepo bado wapo na bado wananuniana, palikuwa na mama mmoja huko Korogwe, mtaa wa Manundu, akiitwa Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa alikuwa na mume, Mzee Sempombe. Mzee Sempombe alikuwa na gari dogo jeupe. Gari lilikuwa na redio. Redio nzima, spika mbovu. Ukiiwasha, milangoni hakutoki wimbo, unatoka mkoromo kama wa mtu aliyelala chali.

Basi kijana wao Mbaruku akapata mchumba kule Majengo, na siku ya harusi ikapangwa. Na watu wa Manundu hawachukui bibi harusi kimyakimya. Gari la kumchukua lazima lije likiimba, vioo vimeshushwa, mtaa mzima utoke nje. Nyuma wanakaa bwana, bibi na mpambe. Mbele, ubavuni kwa dereva, anakaa mtu mmoja tu. Huyo ndiye mwenye redio. Huyo anachagua wimbo, huyo anashuka kwanza, huyo anapigiwa vigelegele kabla ya bibi harusi mwenyewe. Waliobaki wote, hata uwe shangazi wa nani, ni kwenye kenta pamoja na masufuria.

Sasa Bi Mwanjaa alikuwa na hofu yake. Jirani mmoja alikuwa amemchukua mkwe kwa gari lililolia kama mbu ndani ya chupa, na mpaka leo mama yule akipita sokoni wanawake wanamfanyia "nziii." Bi Mwanjaa akajiona yeye ndiye anayefuata. Siku ya kuchagua mchele akasimama katikati ya masinia, mikono kiunoni.

"Jamani, nisikilizeni! Atakayeliimbisha gari la mume wangu, kiti cha mbele ni chake. Nimesema mbele yenu. Nikigeuka, mnizomee!"

"Tumesikia!" wakaitikia wanawake. Na kweli walisikia, maana kabla mchele haujaisha kuchaguliwa, habari ilikuwa imeshafika stendi.

Mzee Sempombe akatoa sharti lake moja. "Redio yangu haitoki. Imezaliwa na gari hili, itakufa nalo. Badilisheni spika tu."

Akainuka wa kwanza, Bi Hidaya, dada yake Mzee Sempombe, yaani wifi yake Bi Mwanjaa, mwanamke mwenye mdomo wake. Akaenda zake Tanga mjini, akaingia duka la spika. Muuzaji akamletea yale madude makubwa, sumaku kama sahani ya ugali.

"Mama, chukua hizi. Hizi zinatikisa ukuta."

"Ukuta wa nani? Unga kwenye redio ndogo hiyo, nisikie."

Akaunga. Spika zikanung'unika kama mgonjwa anayekataa uji.

"Umeona?" akasema Bi Hidaya. "Hizi zinataka redio yenye misuli. Redio ya kaka yangu ni kama kaka yangu mwenyewe, haina misuli. Lete nyingine."

Akaleta nyingine, akaunga. "Bado. Lete nyingine." Akaleta, akaunga. "Bado, baba. Lete nyingine." Muuzaji jasho linamtoka, wateja wengine wameondoka, ndipo akashusha spika nyepesi za pembeni mwa rafu, ambazo hata vumbi hazijafutwa. Zikaimba kama zimeitwa kwa jina. Bi Hidaya akazibeba, akarudi nazo.

Mzee Sempombe akafungua milango, akatoa za zamani, akatia mpya, akakaza skrubu. Vioo akavipandisha juu, maana gari ni lake na vumbi halitaki. Akawasha. Lo! Wimbo ukajaa ndani ya gari mpaka mzee akatikisa bega. Wanawake wakaingia mmoja mmoja kusikiliza, wakatoka wanacheza.

"Nani kama Hidaya!"

Bi Hidaya akaanza kufikiria gauni la kukalia kiti cha mbele.

"Shusheni vioo," akasema Bi Mwanjaa, "tusikie na huku nje."

Kioo kikashuka nusu. Ko! Kikagota. Wakajaribu mlango wa pili. Ko! Kumbe spika mpya zina matako makubwa kuliko zile za zamani, zimeingia ndani ya mlango hadi kwenye njia ya kioo. Wakapandisha vioo, wimbo ukafungwa ndani kama mahabusu. Kwa nje ukabaki mvumo tu. Nyuma ya ua mtu akafanya "nziii," na Bi Mwanjaa akajifunika khanga usoni.

Akainuka wa pili, Kibwana, seremala wa nyumba ya jirani, ambaye siku hizo ndiye alikuwa akitengeneza kitanda cha maharusi. Akaja, akatia kidole kwenye tundu la mlango, akakitazama kidole chake.

"Dada, hii spika inatakiwa isogee huku ndani, kwenye magoti ya dereva, unene wa kidole tu. Tuiwekee pete ya mbao ikalie."

"Weka basi, kaka yangu!"

"Nahitaji mninga uliokauka. Mbichi utapinda."

Na mninga mkavu uliokuwepo karakanani kwake ni mmoja, ubao wa kichwani wa kile kitanda, alioukalia akiuchonga maua mpaka macho yakamwuma. Kibwana akautazama. Mkewe akamwambia, "Baba, usithubutu." Akautia msumeno. Akachonga pete za mbao, laini hata mtoto angezivaa mkononi, na kitandani akaweka ubao mtupu usio na ua hata moja.

Mzee Sempombe akazifunga pete, akafunga spika juu yake. Kioo kikashuka mpaka chini, hakikugusa kitu. Wimbo ukatoka nje, ukapita ua, ukafika barabarani.

"Nani kama Kibwana!"

Kibwana akamtuma mkewe kanzu ipigwe pasi. Bi Hidaya akabinua mdomo. "Kwani yeye kaleta sauti? Kaleta kuni."

Lakini wimbo ulikuwa na kasoro. Ulikuwa na kichwa, hauna tumbo. Mwimbaji unamsikia, ngoma huzisikii. Bi Hidaya akasema ni zile mbao zinameza. Kibwana akasema ni spika za pembeni zile, vumbi limezijaa. Wakatupiana maneno mpaka Mzee Sempombe akazima redio.

Akaingia wa tatu, Bibi Nyange, bibi yake bibi harusi. Alisema amekuja kuleta salamu kutoka Majengo, lakini kila mtu alijua amekuja kuchungulia choo na jiko la nyumba atakayoletwa mjukuu wake. Bibi huyu alipiga ngoma ya unyago tangu ujana wake. Habari ya kiti hakuwa nayo, kwao hakuna aliyemwambia. Akapita karibu na gari redio ilipowashwa tena, akasimama. Akatega sikio la kulia, akatega la kushoto.

"Hii milango yenu imegombana."

"Imegombanaje, bibi?"

"Huu unasukuma, ule unavuta. Ngoma mbili zikipigwa hivyo, huyu anapanda huyu anashuka, zinalana. Mgeuzeni mmoja." Akaendelea na safari yake ya kwenda kuchungulia choo.

Mzee Sempombe akafungua mlango wa kushoto. Lahaula! Nyaya alikuwa amezipishanisha mwenyewe alipofunga zile pete, ya huku kaitia kule. Akazigeuza. Tumbo la wimbo likarudi papo hapo, mabati yakatetemeka, na wanawake waliokuwa jikoni wakatoka na miiko mikononi.

Siku ya harusi ikafika. Gari limeoshwa, limefungwa utepe. Mbaruku amekaa nyuma anatoka jasho. Mzee Sempombe ameshika usukani. Bi Mwanjaa akatoka nje, akakuta mlango wa mbele umeshikwa na mikono mitatu. Wa Bi Hidaya una hina. Wa Kibwana una kanzu. Na wa tatu ni wa Bibi Nyange, ambaye alitakiwa awe Majengo akimfukiza mjukuu udi, lakini wambea walishamfikia, na kulipokucha alikuwa Manundu, amejipaka wanja.

"Wifi," akasema Bi Hidaya, "sauti hii niliitafuta mimi, nilimtoa jasho mwenye duka. Bila spika zangu, hizo pete zingeshika nini? Na huyo bibi angesikiliza nini?"

"Dada," akasema Kibwana, "spika zake zilikaa ndani kama mwali. Nani alizitoa nje? Na tena yeye alifuata kiti tangu mwanzo. Hakupoteza kitu. Mimi nimekata maua yangu."

"Mkwe wangu," akasema Bibi Nyange, "hawa walileta kelele, mimi nikaleta wimbo. Wao walifanya wakijua kuna kiti. Mimi nilisema bila kujua chochote."

"Neno moja tu ulisema, unapita zako chooni!" akadakia Bi Hidaya. "Sisi tumehangaika!"

"Neno moja ambalo mlihangaika mkalikosa."

Hapo ndipo mambo yakachachamaa. Bi Hidaya akapiga mkono kwenye mkoba wake. "Funguo ya stoo ya mchele ninayo mimi. Tutaona pilau litapikwa na nani." Kibwana akatazama juu. "Kitanda bado hakijafungwa, na bolti zimo mfukoni mwangu. Maharusi watalala sakafuni." Bibi Nyange akachekacheka. "Mimi sina maneno mengi. Mjukuu wangu hatoki ndani mpaka niseme atoke."

Bi Mwanjaa akamgeukia mumewe. "Baba Mbaruku, sema neno!"

"Kiti changu mimi kina usukani," akasema Mzee Sempombe, akatia gari moto. "Nadhiri uliweka wewe na sinia lako."

Wanawake wa siku ile ya mchele wakasogea wote, wamefunga khanga viunoni, midomo tayari kwa vigelegele au kwa kuzomea, lolote litakalotoka. Bi Mwanjaa akaushika mkono mmoja kati ya ile mitatu.

Haya, nyie mnaocheka. Vitisho viwekeni kando, maana mwenye kutisha si lazima awe mwenye haki. Mmoja alichagua sauti kwa sikio lake, mmoja aliifungulia njia kwa kuharibu kazi yake nzuri kuliko zote, na mmoja aliitia uhai kwa neno alilolitoa bure. Kiti ni kimoja, na gari linaunguruma. Je, ule mkono alioushika Bi Mwanjaa ulipaswa kuwa wa nani?