Komba na Kilio cha Nakala Moja

Paukwa?
Pakawa.
Simu ziko chini?
Ziko chini.
Basi kaeni vizuri. Hadithi hii haichekeshi, na atakayecheka nitamwuliza anacheka nini.

Hapo kale, kale isiyo ya mbali, wanyama wa mtoni nao walipata mtandao. Kati yao alikuwapo Komba, mdogo wa mwili, mkubwa wa macho, na kazi yake ilikuwa sanaa. Hakuchora wala hakuchonga. Alikusanya yale waliyorushiana wenzake, matusi, ngoma, salamu za asubuhi zenye maua, akayatengenezea chumba: ukuta huu video, ukuta ule video, kiti katikati, uingie ukae ujione unavyoishi. Wengi waliingia wakatoka wamenyamaza.

Na alikuwapo Kiboko. Ukurasa wa Kiboko ulikuwa mkubwa kuliko wote, na bado hakutosheka.

Siku moja mto ulifurika, ukamchukua mtoto wa Mama Digidigi. Mama wa watu akakimbia ukingoni akilia, digi! digi! digi!, mpaka sauti ikakauka. Kiboko alikuwa majini papo hapo. Hakunyoosha mguu, alinyoosha simu. Kufikia jioni kilio kile kilishawekewa ngoma: digi-digi, du! Digi-digi, du! Nyani akakicheza. Ngiri akakicheza. Kanga akakifanya mlio wa simu yake. Mama Digidigi akawa hawezi kwenda kuteka maji bila kukutana na kilio chake mwenyewe njiani.

Alimwendea Kiboko, akamwomba akiondoe. Kiboko akamjibu kwamba wanyama wamekipenda, na kitu kikishapendwa si cha mwenyewe tena.

Ndipo akaenda kwa Komba. Komba naye, sitamfichia, wazo lake la kwanza lilikuwa baya. Alishakiona chumba: kilio pande zote, wageni wakitoka na machozi. Mama Digidigi alizitazama zile skrini zilizopangwa, akauliza taratibu, "Na wewe utaniweka ukutani, mwanangu?"

Komba aliona haya, haya za kweli. Akamwambia, "Hapana, mama. Nenda nyumbani, niachie mimi."

Akashuka mtoni. Akamkuta Kiboko amejilaza, anahesabu waliompenda.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Kile kilio, Bwana Mkubwa, Kanga anacho. Hata Kenge anacho. Kitu alicho nacho Kenge, ukubwa wake uko wapi?"

Kiboko akatikisa masikio.

"Sisi wasanii," Komba akaendelea, "kazi ya maana ni ya nakala moja. Ikiwa moja tu duniani, itafuatwa kwa miguu. Nitaiwekea chumba chenye kiti kimoja na mlango mmoja, na mlangoni utakaa wewe. Ukipenda, mtu aingie. Usipopenda, arudi kwao."

"Na watainama?"

"Mlango nitaufanya mfupi."

Kiboko hakulala kwa furaha. Kulipokucha akatoka majini, pu! pu! pu!, akaenda kwa Nyani. Futa. Nyani akafuta. Akaenda kwa Ngiri. Futa. Ngiri akafuta. Akaenda kwa Kanga, akaenda kwa Kenge, akaenda mpaka kwa Kobe asiyejua hata simu inawashwaje. Futa, futa, futa. Nani abishane na mdomo ule? Mwisho akafuta kwenye ukurasa wake mwenyewe, akampa Komba ile nakala moja iliyobaki. Komba akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya nyumba, akaifuta.

Siku ya ufunguzi wanyama wote walifika. Kiboko akataka aingie kwanza yeye. Akapiga magoti mlangoni, akajisukuma, akakaa. Skrini ikawaka, na kamera ndogo juu yake. Akapanua mdomo tayari kucheka, akangoja. Aliyekuwa ndani ya skrini naye alipanua mdomo, akangoja. Nje, kwenye ukuta mkubwa ambako Komba alikuwa akirusha picha ile, wote wakauona: mdomo uliokaa tayari kumcheka mama aliyefiwa. Nyani akatazama chini. Kanga akazima simu. Kila mmoja aliujua mdomo ule, maana hata yeye alikuwa nao.

Kiboko akatoka kinyumenyume, mavumbi usoni. "Kilio kiko wapi?"

"Umewafutisha wote, Bwana Mkubwa. Na ile moja nimefuta mimi."

Kiboko akainua mguu. Komba alijua amekwisha, akafumba macho.

Mama Digidigi akapita mbele, akasimama chini ya mguu ule. "Nimesikia ulizunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu," akasema. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Wanyama wote wakaitikia amina. Kama mama alisema kwa moyo au kwa akili, Komba hajui mpaka leo. Kiboko akautazama umati, akashusha mguu polepole. "Ndiyo kazi yetu," akasema.

Kesho yake Mama Digidigi alishuka ukingoni, akalia. Digi. Digi. Digi. Hakuna aliyecheza. Komba alikuwa juu ya mti na kamera yake, na mwanga ulikuwa mzuri. Akageukia upande wa pili, akakaa hivyo mpaka mama alipomaliza.

Ngano imefika kwao, nami naitua hapa. Mnataka fundisho? Fundisho ni hili: mnyonge hana mlinzi kama mwenye nguvu. Kiboko mwenyewe analisema kila Ijumaa kwenye ukurasa wake, na wanyama wanalipenda sana.