Punda wa Nakuru Waliokwenda Bahari ya Aljeria

Hapo zamani, na si ile zamani ya fisi kuongea, ni hii ya juzi tu, degree zikiwa tayari zinatundikwa ukutani kama picha za marehemu, palikuwa na vijana watatu mjini Nakuru. Wote walikuwa wamesoma. Wote hawakuwa na kazi. Mnanisikia huko nyuma? Haya, wekeni simu chini.

Gathogo alisomea uchumi, na uchumi wenyewe haukumjua. Nasimiyu alisomea samaki, na tangu graduation samaki wa pekee aliyekutana naye ni omena wa kibandani. Lemayian alisomea ununuzi, na hakuwa na cha kununulia.

Watatu hawa walitunza app inayoitwa Punda Wapi. Mifereji ya mtaa wao ilikuwa mapambo, kwa hivyo maji yalikuja kwa mikokoteni ya punda. Kila punda alivishwa simu kuukuu shingoni, na ukifungua app unamwona kwenye ramani punda aliye karibu nawe. App ilikuwa open source, yaani mtu yeyote duniani angeweza kuipasua tumbo, aone matumbo, ashone palipochanika. Bure. Malipo ni jina lako kuandikwa chini kabisa, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika. Wenyewe walijiita volunteers. Mama zao waliwaita jina lingine.

Gathogo ndiye aliyekuwa mkongwe. Aliwafundisha wenzake kuandika code, yaani hayo matumbo ya app, kwenye benchi ya kinyozi Obare, kwa sababu Obare alikuwa na wifi. Na sheria ya kazi hiyo ilikuwa moja: hakuna anayeingiza mabadiliko yake mpaka mwenzake ayasome na kusema yako sawa.

Siku Gathogo alipoenda mazishini, Lemayian akaamua kupanga code iwe nadhifu. Mahali alipo punda huandikwa kwa namba mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi. Lemayian akaona kubwa ikae mbele, ndogo ifuate, kama heshima. Akampa Nasimiyu asome. Nasimiyu alikuwa anakula mahindi choma. Akaandika kwa kidole kimoja: "Iko sawa."

Kulipokucha, namba zikiwa zimegeuka, punda wote wa Nakuru walikuwa majini kwenye ramani, kaskazini mwa Aljeria.

Mama Kerubo wa saloon akaja mbio, kitana bado mkononi. "Nyinyi watoto wa kompyuta. Nimempaka mteja dawa ya nywele. Kichwa kinamwaka. App inaniambia punda wa karibu yuko kilomita elfu tano na ushei."

"Mama, ni kosa dogo," akasema Gathogo, aliyekuwa amesharudi kutoka mazishini.

"Dogo? Yuko baharini. Sasa hayo maji anayoleta si ya chumvi?"

Gathogo alifungua code, akaona ugonjwa kabla chai yake haijapoa. Je, aliutibu? Hakuutibu. Desturi ya watu wa open source ni kwamba kosa rahisi huachiwa anayejifunza, na mkongwe huweka mikono mfukoni. Akalibandika alama, "Kazi ya mgeni", akarudi kwa chai yake.

"Si uirekebishe tu, ni kitu ya dakika," Lemayian akamwambia.

"Nikirekebisha mimi, mtajua lini?"

"Lakini watu hawana maji, Gathogo."

"Watu hawana maji tangu uhuru. Learning ndiyo haijawahi kuwafikia."

Basi Nasimiyu akaichukua. Alikesha nayo, akaamka nayo. Akageuza hapa, punda wakahamia jangwani. "At least wako nchi kavu," akasema, "hiyo ni progress." Akageuza pale, punda wote wakarundikana juu ya punda mmoja. Gathogo akatazama, akauma ulimi. Nasimiyu akalia kidogo, akafuta machozi, akasoma tena mstari kwa mstari. Siku ya tano punda wakarudi Nakuru, kila mmoja kwenye barabara yake.

Na Lemayian? Lemayian alifunga kamba za viatu. Siku zote hizo alikimbia nyuma ya punda mtaa kwa mtaa, akituma sauti kwa grupu ya wateja huku anahema: "Punda Daktari yuko posho mill. Punda Malaika amegoma kanisani, leteni karoti. Mama Kerubo, usitoke, mtungi nakuletea mimi." Mtungi ukafika, kichwa cha mteja kikaoshwa, nywele zikabaki nyingi kiasi. Watu wakaanza kusema Lemayian ni app nzuri kuliko app, na hataki bundles.

Habari za punda waogeleaji zikavuka mipaka. Shirika moja la ng'ambo likaandika: tunayo kazi moja. Ina mshahara, ina bima. Ni ya aliyewarudisha punda nyumbani. Kubalianeni jina moja kufikia Ijumaa jioni, la sivyo tutampa volunteer wa Estonia aliyewahi kusahihisha koma kwenye ukurasa wenu.

Benchi ikawa mahakama.

Gathogo akasema, "Hiyo kazi ni yangu. Mikono yenu yote minne niliifundisha mimi. Na jaribuni kukaa siku tano na jibu mdomoni bila kulitema."

"Ulikaa nalo watu wakiungua vichwa," Nasimiyu akamjibu. "Kazi ni yangu. Aliyewatoa punda majini ni nani? Jina limeandikwa, nenda usome."

"Na nani aliandika 'Iko sawa'?" Lemayian akauliza. "Jina pia limeandikwa. Hiyo kazi ni yangu, with all due respect. Punda hawakutoka Nakuru hata siku moja, walikuwa hapa wakinya barabarani. Waliopotea ni watu, na watu niliwarudisha kwa miguu yangu. Halafu bila kosa langu, hao wazungu wangewajulia wapi?"

"Kwa hivyo ukichoma nyumba tukupe cheo cha zimamoto," Gathogo akamjibu.

"Wifi ni yangu," Obare akasema bila kuinua mashine kichwani kwa mteja.

Nyumbani kwa Gathogo kuku walishapewa chumba chake. Nasimiyu alikuwa na tiketi ya kurudi Webuye, asubuhi ya Jumamosi. Na viatu vya Lemayian vilikuwa vimeisha soli kwa kufuata punda.

Ijumaa jioni Mama Kerubo akatokea tena mlangoni. "Punda amesimama kwa ramani tangu saa nane. Na nina kichwa kingine kinawaka."

Gathogo akatafuta alama ya kubandika. Nasimiyu akafungua laptop. Lemayian akainama kufunga viatu. Simu yenye barua ya shirika wakamwachia Obare: nafasi wazi, jina moja tu.

Obare amesimama hapo mpaka sasa, mashine mkono mmoja, simu mkono mwingine, na mteja nusu kipara. Aandike nani? Aliyejua akaacha, aliyepitisha kosa kisha akalifuta, ama aliyeharibu kisha akakimbia na mtungi? Semeni haraka, nyinyi wenye midomo: kazi ni ya nani, kabla Estonia haijaisaini?