Mashine Iliyong'olewa Posta

Wapendwa, kaeni vizuri, na wenye simu mkononi wazifunike kidogo, maana habari hii inazihusu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane katika mji mdogo. Mumewe alikuwa dereva wa serikali, akamwachia pensheni na kadi ya benki. Mama huyu kusoma kulimpa taabu, lakini ile mashine ya kutolea pesa iliyokuwa ukutani pa posta aliijua kama anavyojua jiko lake. Na haikukata hata senti. Kila mwisho wa mwezi alivaa kitenge chake kizuri, akafungua fundo la pindo lake, akatoa kadi, akabonyeza, akapokea chake. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, leo unatoa za nini?" Kisha alitenga sadaka yake, akakaa na wajane wenzake kwenye kibaraza cha posta wakipiga soga. Mnajua raha ya mzee kushika chake kwa mkono wake mwenyewe? Msioijua bado, mtaijua.

Siku moja benki ikaitisha mkutano. Wakasema mashine ile ni gharama kuitunza, wangependa kuiondoa, wananchi mnasemaje? Akasimama mwana wa yule mama, mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayesikilizwa. Akasema, "Ing'oeni tu. Siku hizi sote tuna simu." Watu wakapiga makofi. Mashine ikang'olewa na tundu likazibwa, tena kwa saruji ya dukani kwake.

Tangu hapo mama akawa mtu wa kwenda kwa wakala. Wakala anakata chake, anamtajia salio kwa sauti watu wakisikia, na siku nyingine anamwambia pesa zimeisha, arudi kesho.

Mwisho wa mwezi mmoja, mwana akapita posta na gari lake. Akamwona mama yake ameketi kibarazani peke yake, kavaa kitenge kizuri, kadi mkononi, anaitazama ile saruji. Akashuka.

"Shikamoo, mama. Mashine si haipo tena?"

"Marahaba, baba. Najua haipo. Nimeikumbuka tu."

"Kama ni makato, mimi nitakulipia."

"Si makato, mwanangu. Natamani kushika changu bila kumwomba mtu. Hata wewe."

Mwana akainama. "Lakini siku ya mkutano ulikuwepo, mama. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ukasema sote tuna simu. Nikajitafuta kwenye hiyo 'sote' yako, sikujiona. Sasa ningesimamaje kumpinga mwanangu mbele za watu?"

Wapendwa, mwana yule alikwenda benki siku ile ile kuomba mashine irudishwe. Wakamjibu kwa heshima, "Mzee, si wewe uliyetuambia tuing'oe?"

Basi nani aliing'oa? Tusikimbilie kusema benki. Aliyeing'oa ni mtu mwema, anayempenda mama yake, ila alisema kwa niaba ya watu bila kugeuka nyuma. Na sisi ndivyo tulivyo. Wakitaka kuondoa kitu cha bure ambacho mnyonge anakitegemea, tunasema haina neno, sisi tunacho kingine. Wanaotupenda wananyamaza wasituaibishe, nasi tunadhani wamekubali. Moyo unaniuma nikifikiria ni wangapi wamekaa wakitazama saruji yetu.

Mkutano wa namna hiyo utakapokuja kwetu, nendeni. Na kabla hujafungua kinywa, mwangalie aliyekaa nyuma yako, umuulize yeye anatumia nini.

Sasa tusimame, tuombe sala aliyotufundisha Bwana. Leo tutaiomba polepole. Tutasema "Baba yetu", halafu tutanyamaza, na kila mmoja ageuke atazame nyuma yake. Ukishawaona wote waliomo kwenye hiyo "yetu", ndipo tutaendelea.