Wivu wa Wobbe na Diski ya Geeske

Kivuko kilikwisha kuachana na gati, na Geeske alikuwa ameegemea ukingo wa nyuma, mkono mmoja unapunga, mwingine umeshikilia kofia isipeperuke. Alikuwa anakwenda kisiwani Schiermonnikoog kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Mumewe, Wobbe, alibaki nchi kavu akimtazama. Pengo la maji lilipoanza kupanuka, Geeske akapaza sauti:

"Wobbe! Kompyuta usiiguse! Siebren atakuja Alhamisi!"

Hakusema "kula vizuri." Hakusema "nitakukumbuka." Neno la mwisho lililovuka maji lilikuwa jina la mwanamume mwingine, na Wobbe alilimeza kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Wahenga wametuasa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maana yake ni kwamba mtu ambaye huenda kesho ukahitaji mkono wake, leo usimtupie matope. Wobbe hakuwa na mimba wala hakutarajia kuzaa, lakini methali haichagui wa kumpata.

Siebren alikuwa jirani yao, mgane mpole mwenye mikono mirefu, ambaye kila Jumamosi aliketi kwenye ukumbi wa kijiji akiwatengenezea watu redio na kompyuta zao bila malipo. Kompyuta ya Geeske ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kunywa kahawa ukaosha na kikombe kabla haijaamka. Siebren aliikagua akasema ugonjwa uko kwenye diski ya kuwashia. Dawa ni kununua mpya, kunakili kila kitu kutoka ile ya zamani, kisha mpya ikae mahali pake. Mashine haitajua hata kama imebadilishwa moyo.

Na ndani ya diski hiyo mlikuwa na jasho la Geeske la miaka. Zamani kila kijiji cha pwani ile kilikuwa na mtindo wake wa kufuma sweta za wavuvi. Geeske alikuwa amezunguka kwa vikongwe, akapekua picha zilizofifia, akachora mafundo yote, moja moja. Kitabu chake kilingojewa na mchapishaji. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Lakini Wobbe hakuona sweta. Aliona biskuti. Tangu azaliwe alijua kwamba mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha mkebe hufungwa, hata awe mchungaji wa kanisa. Siku Siebren alipokuja kuikagua kompyuta, Geeske aliufungua mkebe mara ya pili! Juma lililofuata, Wobbe alipokuwa ameketi chooni, akainua macho kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki, ambayo kwa desturi yao huning'inizwa pale. Chini ya jina la shangazi yake lilikuwa limeandikwa Siebren, kwa mwandiko wa mkewe. Tangu hapo wivu ukawa unamla kama mchwa alaye mhimili, nje mzima, ndani unga.

Alhamisi Siebren akabisha hodi, bisibisi mfukoni, mvua inamchuruzika puani.

"Habari za leo, jirani. Nimekuja kwa ile kazi ya Geeske."

"Geeske hayupo."

"Najua. Aliniambia diski mpya iko mezani."

"Alikuambia!" Wobbe akasimama katikati ya mlango kama gogo. "Na nini kingine alikuambia? Ninavyokoroma?"

"Wobbe, bwana, mimi..."

"Wewe fisi. Mkeo kafa, sasa unanusanusa majiko ya wenzako. Unajifanya fundi, kumbe ni mwokota vyuma. Kazi hii hata mtoto ataiweza. Nenda!"

Siebren alimtazama, akafuta pua kwa kiganja, akapanda baiskeli yake.

Wobbe alikuwa amestaafu kazi ya malango ya mfereji. Maisha yake yote alipandisha na kushusha mashua kwa kujaza maji na kuyamwaga, na sheria aliyoijua ilikuwa moja tu: penye maji ni juu, na maji huteremka. Akachomeka diski mpya kwa waya, akafungua programu ya kunakili. Kioo kikamwonyesha diski mbili, moja juu ya nyingine, ukubwa sawa, majina yake herufi na namba tupu. Angeweza kuzilinganisha na namba zilizobandikwa kwenye diski zenyewe. Hakufanya hivyo. Iliyojaa si ndiyo ya juu? Akaamuru ya juu imwagike kwenye ya chini.

Programu ikamwonya: kila kilichomo kwenye diski inayopokea kitafutwa. Je, niendelee?

"Endelea, mama!" akacheka. "Diski mpya ina nini cha kufutwa?"

Kazi ilikwisha upesi mno. Utupu haulemei mtu kuubeba. Ya juu ilikuwa ile mpya.

Alipowasha kompyuta, kioo kikabaki cheusi, mstari mmoja mweupe ukisema hakuna mfumo wa kuwashia. Akajaribu diski hii, akajaribu ile. Jasho likamtoka. Hapo angemwita Siebren, mambo yangepona. Lakini ulimi uliotukana ni mzito kuomba. Badala yake akapakia mfumo mpya juu ya diski ya zamani, akidhani sweta zitarudi zenyewe. Mashine ikawaka, safi kama sahani iliyolambwa.

Kesho yake alikwenda kwa Siebren, kofia mkononi.

"Mwokota vyuma yupo?" Siebren akauliza kabla yeye hajafungua kinywa. "Au leo unamtafuta fisi?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimeifuta kazi ya Geeske."

Siebren akaweka bisibisi chini. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Diski ni kama nyumba ya wageni. Uliponakili utupu ulibandua majina milangoni tu, watu walikuwa bado wamo vyumbani. Ulipopakia mfumo mpya, ukawatoa wengine ukaingiza wapangaji wapya. Nitawaokoa waliobaki, kwa ajili ya Geeske. Ila kwako sitaingia tena. Lete mashine hapa. Na simu utampigia wewe, mbele yangu."

Wobbe akapiga, akaungama. Upande wa pili walisikia shakwe wa kisiwani wakilia. Kisha Geeske akasema, "Mpe Siebren simu."

Michoro mingi iliokolewa, lakini bila majina wala mpangilio, kama soksi za ukoo mzima kwenye kapu moja. Sweta za kijiji cha Moddergat zilipotea zote, na vikongwe waliozieleza walikwisha kufa. Kitabu kilitoka kikiwa chembamba kuliko kilivyokusudiwa. Dada wa Geeske alipona, akabaki akichechemea. Geeske hakumwacha mumewe. Majira yote ya baridi alikwenda kila jioni kwa Siebren, kwenye mashine, wakiutafutia kila mchoro kijiji chake. Kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mwanamume huyo. Wobbe alibaki dirishani akiitazama taa ya jirani, wala asiweze kumlaumu mtu, maana mlango ule aliufungua mwenyewe siku alipoufunga wake. Kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.