Mstari wa Saa Moja na Nusu

"Mstari mwekundu haumjui aliyetangulia."

Enelia alimrushia binamu yake maneno hayo juu ya sahani ya ugali, sauti imeshapanda. Walikuwa wakigombana tangu walipoingia kwangu kula chakula cha mchana, kama wafanyavyo kila siku ya kazi, maana shule yao iko ng'ambo ya barabara tu. Osmundi, mtoto wa kaka yangu, ni makamu mkuu wa shule. Enelia, binti yangu, anafundisha Kiswahili hapo hapo. Siku hiyo Osmundi alikuwa na fomu ya tathmini ya mwalimu mmoja kwenye mkoba. Alikuwa amempa alama za chini, na saa nane ilitakiwa iende kwa ofisa elimu. Enelia alisema hakuna aliyewahi kukaa darasani kumwona yule mwalimu akifundisha. Osmundi akajibu kwamba ana walimu arobaini na hana macho arobaini. Mtu asiyeleta maandalio ya somo hajaleta, basi.

"Na hizo methali zako unazitunga jikoni," akamalizia.

"Muulize mama kama imetungwa jikoni."

Niliwaambia waendelee kula huku wakisikiliza, kwa sababu sirudii. Methali hiyo ilizaliwa mbele ya macho yangu, na sijivunii namna ilivyozaliwa.

Ilikuwa Sekondari ya Lugendo, kule juu kwenye baridi. Nilikuwa mwalimu wa taaluma, na Enelia alikuwa bado ananyweshwa uji. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Ngailo. Hakuwa mtu mbaya, mlielewe hilo kwanza. Aliikuta shule walimu wanaingia saa wanayotaka, akainyoosha. Kila asubuhi, saa moja na nusu kamili, alichukua rula na kalamu, akavuta mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Aliyesaini juu ya mstari amewahi, aliyesaini chini amechelewa. Mwezi wa sita alihesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyojaza fomu za tathmini. Alipenda kusema kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Mwalimu Luhwago wa Fizikia alisaini chini ya mstari karibu kila siku. Alikuwa mrefu, mkimya, na sweta lake la kijivu halikubadilika. Wenzake walimwita Bwana Chini. Alicheka nao.

Ukweli ulikuwa huu. Ofisi, lilikokaa daftari, ilikuwa juu ya kilima na haikufunguliwa kabla ya saa moja. Maabara ilikuwa bondeni. Luhwago alifika saa kumi na mbili, akaenda moja kwa moja maabara kuwafundisha watoto wa kidato cha nne waliokuwa wameanguka Fizikia kidato cha tatu. Alipowamaliza, saa mbili ikikaribia, ndipo alipopanda kusaini. Nilijua, kwa sababu nyumba yangu ilipakana na maabara. Nilikuwa nakoroga uji huku nawasikia wakimjibu kwa pamoja.

Mwezi wa sita Mkuu alimwita ofisini. Nami niliitwa kuwa shahidi.

"Siku hamsini na tisa, Mwalimu," Ngailo akasema. "Una la kujitetea?"

"Mkuu, ungeshuka maabara asubuhi moja tu."

"Sikuulizi maabara. Nakuuliza daftari."

Luhwago akanigeukia. Alijua kwamba ninajua, akangoja. Fomu yangu mwenyewe ilikuwa juu ya meza ile ile, haijajazwa. Nikatazama dirishani. Kisha nikatia sahihi kwenye fomu yake, kama shahidi.

Barua yake ya uhamisho ilitoka mwezi wa saba. Siku ya Ijumaa alikuja kuniachia ufunguo wa maabara. Hakunilaumu. Alisema tu, "Utawaambia watoto." Sikuwaambia. Ningewaambia nini?

Jumatatu wakaguzi walikuwa wanakuja, kwa hiyo Mkuu aliwahi kuliko siku zote. Aliona taa bondeni, akashuka kwa hasira akidhani ni utoro wa bweni. Aliwakuta watoto ishirini na sita wameketi kwenye ngazi za maabara, madaftari magotini, wamewasha taa moja. Msichana mmoja, Atupele, alisimama akamwambia kwamba wanamsubiri Mwalimu Luhwago, na kwamba tangu mwezi wa kwanza hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Mkuu alikuja mlangoni kwangu, kalamu nyekundu ingali mfukoni mwa shati.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukasaini."

"Nikasaini."

Wiki hiyo hiyo alimfuata Luhwago. Kwenye kituo kipya hakumkuta, alikuwa hajaripoti. Alimkuta kwao, anapalilia viazi. Luhwago alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu: "Mkuu, nilikuomba ushuke hatua mia mbili. Leo umekuja kilomita sitini. Umechelewa."

Luhwago hakushika chaki tena maisha yake yote. Kati ya wale ishirini na sita, waliofaulu Fizikia walikuwa wawili. Atupele alitaka uuguzi. Hakuupata.

Ngailo aliporudi aliitisha kikao, akaweka ile kalamu juu ya meza, akasema sentensi moja, hiyo aliyoitaja Enelia. Hakuvuta mstari tena. Walimu waliohama Lugendo waliondoka na maneno yale, yakafika hadi huku. Mimi nilibaki na ufunguo. Upo kwenye droo ile, kama mnataka kuuona.

Hakuna aliyetaka kuuona. Ugali ulikuwa umepoa.

"Mstari mwekundu haumjui aliyetangulia," Osmundi akasema polepole. Safari hii hakukejeli. Akamuuliza Enelia yule mwalimu ana kipindi saa ngapi.

"Sasa hivi. Kidato cha pili B."

Osmundi akanawa mikono. Aliitoa fomu mkobani, akaiweka mbele yangu.

"Shangazi, nitunzie."

Nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara. Alipita mlango wa ofisi yake bila kuingia, akabeba kiti kilichokuwa barazani, akaenda nacho mpaka kidato cha pili, akabisha hodi.