Walioponya Migomba ya Nyakatembe

Nisikilizeni, na mwenye haraka ya kuhukumu akalie mikono yake kwanza.

Katika kijiji cha Nyakatembe, kando ya mto wa mpakani, waliishi vibarua watatu kutoka ng'ambo. Mzee Bigirimana alijaliwa jicho: akiutazama mgomba leo, alijua utakavyokuwa mwezi ujao. Spesioza alijaliwa msimamo: akishasema hapana, hata askari hapiti. Misago alijaliwa miguu: mzigo wa watu wawili aliupandisha kilima huku anaimba. Watatu hao walipika katika chungu kimoja.

Mwaka mmoja mnyauko ukaingia. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaoza zikiwa bado mgombani. Watu wakasema ugonjwa umeletwa na wageni, na mwenyekiti wa kijiji, Mama Kokushubila, akanyamaza. Alijua mgomba wa kwanza kunyauka ulikuwa wake. Alijua pia kwamba siku ya harusi ya mwanawe, panga lake lilikata mikungu shambani mwake, kisha likazunguka kwa majirani kumi na wawili, maana Nyakatembe kumnyima jirani panga siku ya sherehe ni kumtukania mama.

Bigirimana ndiye aliyetambua. Alikata shina, akamwonyesha Mama usaha wa manjano ukichuruzika. "Ugonjwa huu unatembea na panga," akasema. Alipita shamba kwa shamba, akifunga kamba kila mgomba ulioambukizwa, hata ule uliokuwa bado na majani mabichi. Bila jicho lake wangeng'oa mizima na kuiacha migonjwa.

Spesioza ndiye aliyezuia. Aliwasha moto penye kila njia ya kuingilia shambani, asipite mtu mpaka panga lake lipite motoni. Wanaume walimtukana. Mmoja alimsukuma akaangukia makaa, mkono ukababuka hadi kwenye kiwiko. Kesho yake alikuwa palepale, mkono umefungwa kitambaa. "Choma panga, baba, ndipo upite." Bila moto wake, wangeponya huku wanaambukiza kule.

Lakini migonjwa ilipong'olewa mashamba yakabaki matupu, na machipukizi mazima yalikuwa ng'ambo tu, kwa shangazi yake Misago. Mpaka umefungwa. Misago akavuka mchana kweupe, walinzi wakiwa kwenye chakula, machipukizi kichwani, maji kifuani. Safari ishirini na tatu. Ya mwisho walinzi wa ng'ambo walimwona, wakamtambua, wakaandika jina lake. Bila miguu yake, Nyakatembe ingekuwa na udongo safi na sufuria tupu.

Miaka miwili baadaye migomba ikainama kwa mikungu. Ndipo amri ikatoka juu: wote waliotoka ng'ambo warudi kwao. Kila kijiji kinaruhusiwa kumdhamini mtu mmoja tu, aliyekifaa kuliko wote, na mwenyekiti ndiye wa kumwandika.

Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa shule, mbele ya ofisa wa serikali aliyeleta fomu. Watu walikuja wameshiba ndizi.

"Mpaka ni mpaka," akasema mwanakijiji mmoja, Rwegoshora. "Nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni njia."

"Wewe! Shemeji zako wote si wa ng'ambo?" akaropoka mama mmoja.

"Shemeji si mgeni."

Mama Kokushubila akasimama. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tumeshapona!" akajibu Rwegoshora, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kicheko kile kilimkata Mama maini. Akasema alichokificha miaka miwili: "Ugonjwa hawakuuleta wao. Uliletwa na panga langu, siku ya harusi ya mwanangu."

Watu wakatazamana. Kisha Rwegoshora akasema kwa upole, "Mama, hayo yamepita. Wewe ni wa hapa. Andika jina twende tukapike."

Basi ndiyo hivyo. Aliyeueneza ugonjwa hakuulizwa kibali, na waliouponya wakaambiwa wajieleze.

Bigirimana akasema, "Mke wangu amezikwa hapa. Nimeishi hapa miaka thelathini. Ng'ambo sina hata mlango wa kubisha."

Spesioza akasema, "Mume wangu aliuawa kule, na waliomuua bado wapo. Nina mtoto wa darasa la kwanza."

Misago akasema, "Jina langu liko kwa walinzi. Nikivuka, nafungwa. Na nilivuka kwa ajili ya matumbo yenu."

Kila mmoja alisema akitazama chini. Tangu amri ile ilipotoka, walikuwa hawapiki tena pamoja. Kila mtu na jiko lake, na salamu zimekufa. Hilo lilimuuma Mama kuliko amri yenyewe.

Sasa kalamu iko mkononi mwake, na ofisa wa serikali anatazama saa. Msiniambie ayaandike majina yote matatu: ofisa ameshasema fomu yenye zaidi ya jina moja ni batili, na fomu ikiwa batili wanaondoka wote. Wala msiniambie aichane, kwa maana Rwegoshora atapiga makofi.

Haya, ninyi mliokula mkashiba, shikeni kalamu hiyo. Mngemwandika nani? Na mkishamwandika, wale wawili mtawatazama usoni na kuwaambia nini?