Kilima Kisicho na Chuma

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, kulikuwa na kiwanda cha chai katika milima ya Rungwe, na meneja wake aliitwa Tumpe. Alikuwa mama mwenye sauti kali na moyo laini kama ndizi iliyoiva. Siku ninayoisimulia alikuwa ameshika ufunguo mmoja, na watu watatu walikuwa wakiutazama.

Ufunguo ulikuwa wa nyumba ya kiwanda, vyumba viwili, bati jipya. Wenye kiwanda walisema apewe mtu aliyeiokoa transfoma, mtambo unaokiletea kiwanda umeme. Walisema mtu, hawakusema watu. Tumpe aliwapenda wote watatu, na hapo ndipo alipokwama.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, mpimaji. Huyu alijua kwamba jua huchafuka mara mojamoja, likarusha dhoruba isiyoonekana kwa macho. Ikifika, usumaku wa ardhi hutikisika, na umeme usioalikwa hupita kwenye nyaya ndefu ukaunguza transfoma. Alijua pia kwamba kila mahali hutikisika kivyake, kwa hiyo habari za mbali hazitoshi. Basi alilala stoo miaka mitatu akiunda kipimo. Akakifukia kilimani, akavuta waya hadi ofisini, ambako namba zake zilisomeka.

Wa pili alikuwa Subilaga, mwenye kilima. Kipimo hakitaki chuma karibu, maana chuma nacho huzirusha namba. Subilaga akaezua mabati ya nyumba anayoishi na mama yake, mabati ya jasho lake, akaezeka nyasi. Jembe akalipeleka kwa jirani ng'ambo ya kijito. Panga, kwa jirani. Sindano, kwa jirani. Akitaka kukata mkungu wa ndizi, sharti avuke kijito kwanza. Watu walimcheka, naye akacheka nao.

Wa tatu alikuwa Ambakisye, fundi umeme, baba wa watoto watano, mwenye mkono kwenye swichi kuu.

Siku moja namba za Gwakisa ziliruka. Ambakisye akazima kiwanda, na majani mabichi yakaharibika marundo kwa marundo. Kumbe shemeji wa Subilaga alikuwa amepita kusalimia, akailaza baiskeli yake juu ya kipimo, hana hili wala lile. Wenye kiwanda walikasirika, wakasema atakayezima tena bure, unga wake umemwagika.

Ikapita miezi. Saa sita mchana namba zikaruka tena, zikazidi kupanda. Gwakisa akasema safari hii ni jua lenyewe. Ambakisye hakuzima. Alipanda kilima mbio, roho juu, akamkuta Subilaga mlangoni akimenya viazi kwa kipande cha mwanzi.

"Dada, leo kuna chuma hapa?"

"Hakuna. Tangu asubuhi hajapita mtu, hata shemeji nimemsalimia kwa mbali. Kazime, mdogo wangu."

Akashuka, akazima. Haikutimia nusu saa, kiwanda cha bonde la pili, ambacho hakikuwa na kipimo, kiliunguza transfoma yake. Wakulima wa kule walikaa miezi mitano bila pa kupeleka majani. Wa Tumpe walirudi kazini kesho yake.

Sasa mbele ya ufunguo kila mmoja alisema lake. Gwakisa alisema bila kipimo chake wangekuwa wanasubiri moshi ndipo wajue.

"Kipimo chako kilisema mara mbili, kaka," Subilaga akamjibu kwa upole. "Mara ya kwanza kilisema baiskeli. Ukaaminiwa mara ya pili kwa sababu ya kilima changu. Na mama yangu, mvua ikinyesha, anahamisha mkeka kona hadi kona."

Ambakisye akakohoa. "Ninyi mlisema tu. Mimi ndiye niliyezima, na kazi yangu ilikuwa inakwenda na ile swichi."

Gwakisa akamtania kwamba alizima baada ya kutumwa na dada yake. Ambakisye akamgeukia Subilaga, akauliza baiskeli ilikuwa ya shemeji wa nani. Wakacheka wote, maana walipendana kweli, lakini hakuna aliyeliacha dai lake.

Tumpe akawaza. Gwakisa ameitwa kufanya kazi mbali, na akipata nyumba atabaki. Ambakisye na watoto wake watano wanalala chumba kimoja. Akimpa Subilaga, atashuka kuishi bondeni, na kilima kitalindwa na nani? Lakini akimnyima kwa sababu hiyo, si atakuwa anamwadhibu kwa wema wake?

Mvua ikaanza kudondoka. Subilaga akatazama kilimani kwa mama yake, kisha akautazama ufunguo. Tumpe akanyoosha mkono.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mkono ndio huo umeshanyooka. Je, ni nani aliyestahili kuupokea ufunguo?